Mawazo Yetu na Afya Yetu: Mazungumzo na Kina Mama na Walezi

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama unanyonyesha, kaa vizuri, egemea ukuta, tuzungumze.

Leo hatuzungumzii malaria wala kuhara. Tunazungumzia kitu ambacho hakipimwi kwa mizani ya kliniki wala kwa kipimajoto, nacho ni mawazo. Je, anachowaza mtu kinaweza kumfanya mgonjwa? Je, kinaweza kumponya?

Maswali haya huulizwa sana, na majibu yanayotolewa mitaani ni ya kila aina. Wako wanaosema kwamba magonjwa yote yako kichwani, ukiwaza mema utapona. Wako wanaosema mawazo ni mawazo tu, hayahusiani na mwili. Pande zote mbili zimekosea, na kosa la kwanza ndilo la hatari zaidi. Tutalifikia baadaye.

Tuanze na jambo ambalo kina mama wengi walionyonyesha wamelipitia. Tuseme mama amejifungua siku 10 zilizopita. Jioni inafika, mtoto analia na hanyamazi. Mama mkwe, ambaye amekuja kusaidia na ana nia njema kabisa, anamtazama mtoto, kisha anamtazama mama. "Mwanangu, huyu mtoto hashibi. Maziwa yako ni mepesi."

"Labda ni kweli, mama," anajibu yule mzazi.

Hapo wazo limeingia. Hebu tuone linafanya nini.

Maziwa ya mama huhitaji mambo mawili: yatengenezwe, kisha yatoke. Kutengenezwa kwake hutegemea mtoto anavyonyonya. Kila anapovuta titi, mwili wa mama hutoa homoni iitwayo prolaktini, ambayo huyaagiza matiti yatengeneze maziwa ya kunyonya baadaye. Ndiyo maana mtoto anayenyonya mara nyingi, hasa usiku, humzidishia mama yake maziwa. Kutoka kwake hutegemea homoni nyingine, oksitosini, ambayo hubana vifuko vidogo vilivyo ndani ya titi na kuyasukuma maziwa mbele. Hii ya pili huguswa upesi na hisia. Mama akimsikia mtoto wake, akimshika, akimnusa, hata akimfikiria tu kwa upendo akiwa shambani, maziwa huweza kuanza kudondoka. Lakini akiwa na maumivu, hofu, aibu au shaka, maziwa huweza kukawia kwa muda.

Sasa fuata mzunguko wake. Wazo linasema, "Maziwa hayatoshi." Mama anaingiwa na wasiwasi, maziwa yanakawia, mtoto anakasirika na kulia zaidi. Kilio kinageuka kuwa ushahidi. Kesho yake mtoto anapewa maziwa ya ng'ombe au uji mwepesi. Akishiba hayo, hanyonyi sana. Asiponyonya sana, matiti hupunguza kutengeneza. Baada ya majuma mawili maziwa kweli hayatoshi. Wazo ambalo siku ya kwanza lilikuwa uongo limejifanya kuwa kweli, na mtoto aliye chini ya miezi 6 amekwisha kupewa chakula kinachoweza kumletea kuhara.

Katika mfano huu mmoja utaona njia zote mbili ambazo wazo hupitia hadi kufika kwenye afya. Njia ya kwanza ni ndani ya mwili moja kwa moja. Njia ya pili ni kupitia yale tunayoyatenda kwa sababu ya kuwaza hivyo. Watu hupenda sana kuizungumzia ile ya kwanza kwa sababu inashangaza. Kwa maoni yetu, ya pili ndiyo kubwa zaidi. Mtu anayewaza "hakuna litakalosaidia" haendi kliniki, hamezi dawa kwa saa zake, hali vizuri, haombi msaada wa jirani. Hayo yote hudhuru bila muujiza wowote.

Hata hivyo ile ya kwanza nayo ipo. Ukishtuka kwa kuona nyoka njiani, mwili hutoa adrenalini. Moyo hupiga mbio, pumzi huwa za haraka, misuli hukaza, tumbo husimamisha kazi yake ili nguvu ziende miguuni upate kukimbia. Ni jambo jema, limeokoa maisha ya wengi. Taabu ni kwamba mwili hauwezi kutofautisha sana kati ya nyoka na wazo la nyoka. Ukilala ukiwaza karo ya shule, au maneno uliyoambiwa na jirani, mwili hujiandaa vivyo hivyo, ila safari hii hakuna pa kukimbilia. Hali hiyo ikiendelea wiki baada ya wiki, homoni iitwayo kotisoli huwa juu kuliko inavyotakiwa. Usingizi huharibika, kichwa na mgongo huuma, hamu ya chakula hupotea au huzidi, na kinga ya mwili hudhoofika.

Mwaka 1995 watafiti wa jimbo la Ohio, Marekani, walichapisha uchunguzi mdogo ambao unawahusu hasa walezi. Walichukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza jamaa zao wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na wengine 13 wa umri kama wao ambao hawakuwa na mgonjwa nyumbani. Kila mmoja alitobolewa kidonda kidogo mkononi, chenye upana wa milimita 3.5, sawasawa kwa wote. Kidonda cha wasiokuwa na mgonjwa kilipona kwa wastani wa siku 39. Cha walezi kilichukua siku 9 zaidi. Kidonda ni kile kile, ila mwili uliochoka kwa mzigo ulichelewa kukifunga.

Tafadhali angalia jambo moja hapo. Wale wanawake hawakuwa watu wa kuwaza mabaya. Walikuwa wamelemewa. Basi mtu asije akachukua habari hii akamwendea mama anayemlea mtoto mlemavu peke yake na kumwambia, "Badilisha mawazo yako utapona." Kwanza mshikie mtoto saa mbili, alale.

(Muziki mfupi)

Tunaendelea, mpenzi msikilizaji. Je, mtu anaweza kujifunza kuwaza kwa namna nyingine, au ni tabia ya kuzaliwa nayo?

Jibu zuri kuliko yote linatoka mbali kidogo, lakini kwa kina mama wenye maisha kama ya wengi wetu. Katika vijiji vya wilaya ya Rawalpindi nchini Pakistan, watafiti waliwatafuta kina mama waja wazito waliokuwa katika miezi ya mwisho na waliokuwa na unyogovu, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Walipatikana kina mama 903. Nusu yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya wa kijiji, wanawake wenzao, si madaktari, ambao walikuwa wamefundishwa namna ya kuwasaidia kuyachunguza mawazo yao. Ziara zilikuwa 16, kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba. Nusu nyingine nao walitembelewa mara zile zile, lakini na wahudumu wasiokuwa na mafunzo hayo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Watoto walipofikisha miezi 6, katika kundi la kawaida kina mama 53 kati ya kila 100 bado walikuwa na unyogovu. Katika kundi lililofundishwa walikuwa 23 tu. Watoto wao waliharisha mara chache zaidi, na wengi zaidi walikuwa wamemaliza chanjo. Lakini uzito na urefu wa watoto wa makundi hayo mawili haukutofautiana kwa maana. Tunalisema hili wazi kwa sababu mawazo mazuri ya mama si mbadala wa chakula. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliyachapisha mafunzo hayo yatumike katika nchi nyingine.

Kina mama hao walifundishwa nini hasa? Hatua zilikuwa tatu, na unaweza kuzijaribu leo hii.

Hatua ya kwanza ni kulikamata wazo. Mawazo mengi hupita kama boda boda. Unaona vumbi tu, yaani unajikuta una huzuni au hasira bila kujua imetoka wapi. Hisia ikikupanda ghafla, jiulize, "Sasa hivi nimejiambia nini?" Mara nyingi utakuta ni sentensi fupi. "Mimi si mama wa maana." "Kila ninaloshika huharibika." "Mtoto huyu hanipendi." Maneno kama "kila," "siku zote," na "kamwe" ni dalili kwamba sentensi hiyo imetiwa chumvi.

Hatua ya pili ni kulihoji kama unavyomhoji mgeni anayebisha mlangoni usiku. Una ushahidi gani? Turudi kwa yule mama wetu wa siku 10. Wazo linasema maziwa hayatoshi. Vizuri, basi tupime. Mtoto anayenyonya tu na anayetosheka hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku nzima, mchana na usiku, na mkojo wake huwa mwepesi, si wa rangi nzito. Akifikisha majuma mawili huwa amerudia uzito aliozaliwa nao. Baada ya hapo huongeza angalau nusu kilo kila mwezi katika miezi ya kwanza. Fungua kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto ulichopewa kliniki, uangalie ile chati ya uzito. Ukikuta mstari unapanda, mwonyeshe mama mkwe kwa heshima: "Mama, tazama, alikuwa hapa, sasa yuko hapa." Na kulia jioni? Watoto wengi wachanga hulia zaidi jioni, na kilio huongezeka hadi karibu wiki ya 6, kisha hupungua. Si lazima iwe njaa.

Lakini ukikuta mstari haupandi, au nepi zenye mkojo ni chache, basi wazo lilikuwa na ukweli ndani yake, na dawa yake si kujiliwaza. Nenda kliniki, wakaangalie namna mtoto anavyoshika titi. Hii ndiyo tofauti kati ya kuwaza vizuri na kujidanganya. Kusema "kila kitu kitakuwa sawa" bila kuangalia ni uvivu tu. Wazo jema ni wazo la kweli linalokuachia nafasi ya kufanya kitu.

Hatua ya tatu ni hiyo ya kufanya kitu, na kiwe kidogo. Wazo jipya lisipofuatwa na tendo husahaulika kabla ya chakula cha jioni. Mama anayewaza "mtoto hanipendi" aambiwe: leo mara mbili, mtazame usoni, ongea naye, mwimbie, uone atakavyokufuata kwa macho. Anayewaza "sina mtu" achague mtu mmoja wa kumwendea, dada yake, jirani, au mwenzake wa chama, hata kama ni kwa dakika 10. Anayejiona hana nguvu ale kwanza kabla ya kuosha vyombo. Tunajua kina mama wengi hula mwisho, yale yaliyobaki sufuriani. Mama anayenyonyesha akifanya hivyo mwezi mzima, si ajabu akawaza kwamba dunia imemwelemea.

Huko Zimbabwe nako wana neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Tangu mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, akina nyanya waliofundishwa wameketi kwenye mabenchi karibu na zahanati wakiwasikiliza watu wenye hali hiyo. Mwanzoni walikuwa nyanya 14. Nyanya hamwambii mtu "usifikiri sana," maana hakuna aliyewahi kuacha kufikiri kwa kuamrishwa. Humsaidia kuyataja matatizo yake yote, kisha kuchagua moja tu, na kutafuta hatua moja ya kulishughulikia juma hilo. Mtu mwenye deni la nyumba, mtoto mgonjwa na mume aliyepoteza kazi hawezi kuyamaliza yote kwa mkupuo. Lakini anaweza kwenda kuzungumza na mwenye nyumba siku ya Jumatatu.

Sasa tufike kwenye lile kosa la hatari tulilolitaja mwanzoni.

Kuwaza mema hakuui vijidudu vya malaria. Hakushushi shinikizo la damu la mjamzito aliyevimba uso na kuona ukungu machoni. Huyo anahitaji hospitali saa hiyo hiyo. Wako watu huko nje wanaowaambia wagonjwa kwamba kumeza dawa ni kukiri ugonjwa, kwamba ukitaka kupona uanze kwa kuzitupa. Mama mwenye virusi vya HIV akisikiliza maneno hayo, anayeumia si yeye peke yake. Bila dawa yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na kunyonyeshwa na kina mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa. Mama akitumia dawa ipasavyo, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Hakuna wazo linaloweza kufanya kazi hiyo. Kazi ya wazo ni kukufanya uikumbuke dawa na usikate tamaa ya kuimeza.

Hata kwa saratani jambo hili lilichunguzwa. Mwaka 2007 watafiti nchini Marekani walitoa habari za wagonjwa 1,093 wa saratani za kichwa na shingo. Waliangalia kama waliokuwa na moyo mkunjufu waliishi muda mrefu zaidi kuliko wenzao. Haikuwa hivyo. Kwa hiyo jirani yako akipata saratani, usimwambie kwamba imemzidi kwa sababu ya kuwa na wasiwasi. Ana haki ya kuogopa, na ana haki ya kulia. Mzigo wa ugonjwa unamtosha bila kuongezewa mzigo wa lawama.

Vivyo hivyo mama anayepigwa nyumbani. Tatizo lake haliko katika mawazo yake. Anahitaji mahali salama, matibabu, na dawati la jinsia katika kituo cha polisi.

Jambo la mwisho tulizungumzie polepole, kwa sababu huenda linamhusu mtu anayetusikiliza sasa.

Baada ya kujifungua, kina mama wengi huwa na machozi ya karibu kwa siku chache, kuanzia kama siku ya tatu. Hali hiyo huisha yenyewe ndani ya majuma mawili. Lakini huzuni ikipita majuma mawili, ukawa hufurahii chochote, usingizi hauji hata mtoto akilala, chakula hakina ladha, na unajiona hufai, huo si uvivu, wala si kurogwa, wala si ukosefu wa imani. Ni unyogovu, na ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na mara nyingi huwa ni huo. Unatibika kwa mazungumzo ya ushauri, na inapolazimu kwa dawa, na ziko dawa ambazo mama anaweza kuzitumia huku akinyonyesha. Mwambie muuguzi siku ya kumpeleka mtoto chanjo. Au mwambie mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba yenu. Unaweza kuanza na maneno haya: "Dada, tangu nijifungue sijisikii kama mimi."

Na wewe mume, au mama mkwe, au shangazi unayekaa na mzazi: ukiona anajitenga, hamgusi mtoto, au anasema mngekuwa na nafuu asingekuwapo, muulize wazi kama amewaza kujitoa uhai. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kutua mzigo. Akikubali, usimwache peke yake, na mfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Fanya vivyo hivyo kwa mama ambaye katika majuma ya kwanza anasikia sauti zisizokuwapo, hapati usingizi kabisa usiku mfululizo, au anasema mambo ya ajabu kumhusu mtoto. Hiyo ni dharura, sawa na kutokwa damu nyingi. Mtoto naye abaki mikononi mwa mtu mzima mwingine.

Muda wetu umekwisha, mpenzi msikilizaji. Wiki ijayo, saa kama hizi, tutazungumzia vyakula vya kumwanzishia mtoto anapofikisha miezi 6. Uwe na kalamu na karatasi karibu, maana vipimo vitakuwa vingi.